Kauri za bibi na soko la Salaga

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Marehemu bibi yetu, mwenyeji wa Pangani, ametuachia kikapu cha kauri, yale makombe madogo ya baharini. Jirani anasema zamani zilikuwa pesa Afrika Magharibi, tena nyingine zilitoka pwani yetu. Ni kweli au porojo?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si porojo. Itazame moja mgongoni: ukiona duara la rangi ya dhahabu, ni aina ileile iliyosafirishwa. Kule walizoea kauri ndogo za Maldives. Katikati ya karne ya 19 makampuni ya Hamburg, Ujerumani, yakapakia za kwetu Zanzibar na kuzishusha Lagos na Ouidah, bandari za Afrika Magharibi. Zilimwagwa nyingi mno hadi thamani ikaporomoka, na aliyeweka akiba ya kauri ndiye aliyeumia.

Barth, msafiri Mjerumani, alipofika Kano, katika Nigeria ya leo, mwaka 1851, riale moja, sarafu ya fedha, ilikuwa kauri 2,500. Nazo zilihesabiwa tano tano, mtu kainama anazisogeza kwa vidole mpaka zitimie. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema Waafrika hawakujua pesa kabla ya mkoloni!

Soko ninalopenda kulisimulia ni Salaga, kaskazini mwa Ghana ya leo. Kola, kokwa za kutafuna, zilitoka misitu ya ufalme wa Asante, na Wahausa wakazifuata kwa misafara ya punda, wakileta nguo, ngozi na magadi. Mji ulikuwa wa Wagonja, lakini ulijaa wageni: Wahausa, Wadagomba, Wamossi, Wadyula. Hao wageni ndio walioufanya uwe mji. Watu pia waliuzwa pale, na hilo halifai kufichwa. Visima vya enzi hizo vingalipo.

Waingereza walipowashinda Asante mwaka 1874, Salaga ikajitoa mikononi mwa Asante, na biashara ya kola ikaanza kutafuta njia nyingine. Mwaka 1892 wakuu wa Gonja wakapigana wenyewe kwa wenyewe, wafanyabiashara wakatawanyika. Wengi walihamia mji wa Kete Krachi, ambako baadaye alitawala Mjerumani, kama alivyotawala hapa kwetu Arusha na Moshi.

Miongoni mwa waliohamia huko alikuwa Alhaji Umar, mwanachuoni mzaliwa wa Kano aliyefundisha Salaga. Alifariki mwaka 1934. Aliandika mashairi kwa Kiarabu na Kihausa, na katika baadhi yake alieleza Wazungu walivyoingia na kuishika nchi, yakiwa ni maneno ya mtu aliyeyaona mwenyewe.