Bendera za Monet si za 14 Julai
Je, mchoro wa Claude Monet, mchoraji Mfaransa, wa mtaa wa Montorgueil jijini Paris unaonyesha 14 Julai, sikukuu ya taifa ya Ufaransa? Hapana, huo mtaa uliojaa bendera, Monet aliuchora kwenye sherehe ya 30 Juni 1878. Serikali ya Ufaransa iliitangaza siku hiyo kuwa ya "amani na kazi", wakati wa Maonyesho ya Dunia pale Paris. 14 Julai haikuwa hata sikukuu ya taifa bado. Ilipitishwa mwaka 1880. Na jina kamili la mchoro, ulioko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris, linaitaja tarehe yenyewe. Ila angalia usiuchanganye na pacha wake wa mtaa wa Saint-Denis, wa siku hiyo hiyo, ulioko Rouen, mji mwingine wa Ufaransa.