Shindano la Hadithi za Mashabiki: Nani Atazisoma Zote?

Safu hii imepokea barua kadhaa kutoka kwa wanaosimamia, na wanaoshiriki, mashindano ya kuandika katika jumuiya za michezo ya mtandaoni. Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni kwake, hadithi za mashabiki ni zile zinazotungwa na wapenzi wa kazi fulani kwa kutumia wahusika na ulimwengu wa kazi hiyo, ingawa si wao waliouumba ulimwengu huo. Nimechagua barua sita na kuzifupisha.

Ndugu Mhariri, mwaka jana tuliandaa shindano la hadithi za mashabiki kwa wachezaji wa jumuiya yetu, bila kikomo cha maneno. Tulipokea hadithi 31, nyingine ndefu kama kitabu. Waamuzi wawili kati ya wanne walijitoa, matokeo yakachelewa miezi miwili, na baadaye niligundua kwamba hadithi tisa hazikusomwa hadi mwisho na mtu yeyote. Tunataka kujaribu tena. Tuanzie wapi?

Nakushukuru kwa kukiri jambo ambalo waandaaji wengi hulinyamazia. Anzeni na wasomaji kabla ya waandishi. Anayetangaza shindano la uandishi anatoa ahadi ya kusoma, na mtu aliyekesha akiandika kwa sababu ya tangazo lenu ana haki ya kusomwa mpaka nukta ya mwisho, hata kama hadithi yake imeanza vibaya. Zawadi inaweza kuwa ndogo au isiwepo kabisa, lakini ahadi hiyo haipunguzwi.

Kwa hiyo fanyeni hesabu kabla ya kutangaza lolote. Tuseme mnatarajia hadithi 60 zenye maneno 2,500 kila moja, ambazo kwa jumla ni maneno 150,000. Msomaji anayekwenda kwa kasi ya maneno 200 kwa dakika atahitaji saa 12 na nusu, kabla hajaandika hata mstari mmoja wa maoni, na ikiwa kila hadithi inapaswa kusomwa na watu watatu, jopo zima linadaiwa saa 37 na nusu. Mimi ningeishusha kasi hiyo hadi maneno 150, kwa sababu maneno yetu ni mazito: neno moja kama «nitakapowasomea» hubeba jambo ambalo Kiingereza hulieleza kwa maneno matano au sita. Hapo kila msomaji atahitaji saa 16 na dakika 40. Kwa sababu hiyohiyo, msinakili kikomo cha maneno kutoka katika mashindano ya Kiingereza, kwani hadithi ya Kiswahili yenye maneno 2,500 ni ndefu kuliko idadi hiyo inavyoonyesha.

Mkishajua kila mwamuzi ana jioni ngapi, kikomo kitajitokeza chenyewe. Jumuiya yenye waamuzi watatu wenye kazi na familia inatosheka na maneno 1,500 na hadithi moja kwa kila mshiriki. Yenye waamuzi wawili tu inaweza kuchagua umbo ambalo waandishi mashabiki wamelipenda kwa miaka mingi, yaani kisa cha maneno 100 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Tafuteni pia mwamuzi mmoja wa akiba, aliye tayari kuingia siku ambayo mwenzake atajitoa, na msifungue shindano katika majuma ambayo mchezo wenyewe unatoa sehemu mpya, kwa maana wakati huo hakuna atakayeandika.

Jambo la mwisho ni mada, nami nakuomba ulipe muda wa kutosha. «Andika hadithi kuhusu mchezo wetu» si mada, kwa sababu inaleta vita kumi vinavyofanana na shujaa aliyechoka akitazama machweo. Mada nzuri huelekeza jicho mahali ambapo mchezo hupita haraka: muuza dawa anayekaa langoni na kurudia sentensi ileile kwa kila mpita njia, kijiji ambacho wachezaji hukipora na kukiacha, au kinachotokea katika ukumbi wa adui baada ya mchezaji kuzima kompyuta na kwenda kulala. Mada ya namna hiyo inamfaa mchezaji mkongwe na yule aliyejiunga mwezi uliopita, kwa sababu wote wawili wamempita muuza dawa huyo bila kumwuliza jina lake.

Mhariri, mjumbe mmoja wa kamati yetu anataka masharti yaseme kwamba hadithi zote zitakazoletwa zitakuwa mali ya jumuiya, ili tuzichapishe na kuuza kitabu kidogo cha kuchangia gharama za seva, yaani kompyuta inayouendesha mchezo wetu. Je, ni sawa?

Si sawa, kwa sababu mbili.

Kwanza, hadithi ya shabiki ina wenyewe wawili. Kampuni iliyotengeneza mchezo ndiyo yenye haki juu ya wahusika, majina na ulimwengu wake, ilhali sentensi alizozitunga mwandishi ni zake. Katika nchi zilizojiunga na Mkataba wa Berne, ambao ulisainiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, haki ya mtunzi haitegemei kusajili kazi. Mkiandika kwamba kila kitu ni mali ya jumuiya, mnachukua kwa mwandishi kile ambacho hakukusudia kukitoa, na mnadai kwa niaba ya kampuni kile ambacho hamna.

Pili, kampuni nyingi za michezo huchapisha mwongozo kuhusu kazi za mashabiki, na sharti la kawaida katika miongozo hiyo ni kwamba kazi isiwe ya biashara. Kuuza kitabu, hata kwa ajili ya seva, ni kuuza. Hata ada ya kushiriki ingewasogeza upande huohuo. Someni mwongozo wa mchezo wenu neno kwa neno, mkitafuta hasa mahali panapotaja mashindano, zawadi, matumizi ya nembo na marufuku ya kujionyesha kana kwamba mmeidhinishwa rasmi. Usipokuwepo mwongozo, au ukiwa na utata, iandikieni kampuni na mlihifadhi jibu lake. Kuna mfano mzuri wa kufuata: shirika lisilo la faida liitwalo Organization for Transformative Works, lililoanzishwa mwaka 2007, linaendesha hifadhi kubwa ya hadithi za mashabiki, Archive of Our Own, bila matangazo na bila kumtoza msomaji, na mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipata tuzo ya Hugo, ambayo hutolewa kwa kazi za hadithi za kisayansi na fantasia. Gharama zake hutokana na michango kwa shirika, nazo hadithi haziuzwi.

Sharti linalowatosha ni fupi: mwandishi anabaki na haki zake, anaipa jumuiya ruhusa ya kuionyesha hadithi yake bila malipo, na anaweza kuiondoa akitaka.

Mhariri, waamuzi wetu watatu walitoa alama kati ya 0 na 40 kwa kila hadithi, tukajumlisha. Iliyoshinda iliwashangaza wawili kati yao. Tulikosea wapi? Na je, ingekuwa bora kuwaachia wanajumuiya wapige kura?

Kosa liko katika kujumlisha. Chukua hadithi mbili, moja ya mlinzi wa lango na nyingine ya mhunzi. Mwamuzi wa kwanza anampa mlinzi 36 na mhunzi 34. Wa pili anatoa 35 na 34. Wa tatu, ambaye hutumia ngazi nzima ya alama bila woga, anatoa 17 na 30. Jumla ya mlinzi ni 88 na ya mhunzi ni 98, kwa hiyo mhunzi anashinda ingawa waamuzi wawili kati ya watatu waliona mlinzi ni bora. Mwamuzi wa tatu hakufanya hila yoyote. Alama zake zimetawanyika zaidi, na anayetawanya zaidi ndiye anayeamua.

Dawa yake ni kila mwamuzi kuzipanga hadithi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kisha mjumlishe nafasi badala ya alama. Katika mfano wetu mlinzi anapata 1, 1 na 2, yaani 4, na mhunzi anapata 2, 2 na 1, yaani 5. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Wazo la kuhesabu nafasi ni la zamani, na huhusishwa na Mfaransa Jean-Charles de Borda wa karne ya 18. Alama za awali zibaki kuwa kumbukumbu ya mwamuzi mwenyewe. Hadithi zikiwa nyingi mno kupangwa zote, kila mwamuzi achague kumi bora, kisha jopo lizisome upya zile zilizotajwa na zaidi ya mmoja.

Ondoeni majina kabla ya kusoma. Katika jumuiya ndogo kila mtu anamjua mwenzake, na lakabu ya kiongozi wa kikosi cha wachezaji ina uzito ambao mwamuzi hauhisi. Yuletide, shughuli ya mashabiki kuandikiana hadithi ambayo imefanyika kila mwaka tangu 2003, hufungua hadithi tarehe 25 Desemba na kutaja waandishi tarehe 1 Januari, na juma hilo la kusoma bila kujua nani ameandika nini ni sehemu ya raha yake. Tena, kila mwamuzi apewe hadithi kwa mpangilio tofauti, kwa sababu hadithi ya hamsini husomwa na macho yaliyochoka, na si haki iwe ileile kwa wote watatu.

Kuhusu kura ya wote, ningeiwekea zawadi yake ya pembeni na kuiita kwa jina lake, chaguo la wanajumuiya. Ikiamua mshindi mkuu, kikosi chenye watu wengi kitashinda kila mwaka, na wapiga kura watakuwa wamesoma hadithi mbili za juu tu.

Mhariri, nilishangaa kumkuta mhusika wangu, niliyemchezesha kwa miaka minne, akiuawa katika hadithi ya mchezaji mwingine iliyopata nafasi ya pili. Je, nina haki ya kulalamika?

Unayo, na ningependa waandaaji waisome barua yako mara mbili. Muuza dawa wa langoni ni wa kampuni, lakini mhusika uliyempa jina, historia na sauti ni kazi yako, na jumuiya inayokutambua kwa jina lake haiwezi kumtenganisha nawe. Masharti yaseme wazi kwamba mhusika wa mchezaji mwingine haingizwi hadithini bila idhini ya maandishi ya mwenyewe, na kwamba ugomvi wa kweli kati ya vikosi haugeuzwi kuwa kisa chenye majina. Kwa sasa waombe waandaaji wampe mwandishi nafasi ya kubadilisha jina na sura ya mhusika huyo. Naamini wengi wanaofanya hivi hudhani wanakuenzi.

Mhariri, tuna washiriki vijana sana. Tuweke umri gani, na maudhui yaishie wapi?

Maudhui yasivuke daraja la umri la mchezo wenyewe. PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga michezo kwa umri ulioanza mwaka 2003, hutumia madaraja ya miaka 3, 7, 12, 16 na 18. Mchezo wa daraja la 12 usizae shindano lenye hadithi za watu wazima. Takeni kila mwandishi aweke onyo juu ya hadithi yake panapohusika. Kuhusu taarifa binafsi, njia salama ni kutozikusanya: lakabu na anwani ya barua pepe vinatosha hadi mshindi apatikane. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inawalinda watoto walio chini ya miaka 13 mtandaoni, na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinataja miaka 16 kuwa umri wa kijana kukubali mwenyewe taarifa zake zitumike, huku zikiziruhusu nchi kushuka hadi 13. Zawadi ya mtoto ipitie kwa mzazi au mlezi.

Mhariri, nusu ya kamati inashuku kwamba baadhi ya hadithi ziliandikwa na akili mnemba. Tutumie programu ya kuzitambua?

Msiitumie kuhukumu. Kampuni ya OpenAI, inayotengeneza teknolojia hiyo, ilitoa kitambuzi chake Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi mdogo. Tatizo lenyewe ni la kweli, maana Februari mwaka huo jarida la hadithi la Clarkesworld lilifunga milango ya kupokea kazi kwa muda baada ya kufurikwa na maandishi ya mashine. Lakini ninyi mna kitu ambacho jarida halina, nacho ni kuwajua waandishi wenu. Andikeni sharti mapema, mkieleza kama marekebisho ya tahajia yanaruhusiwa au la, kisha waalikeni wote waliofika fainali kwenye mazungumzo mafupi: kwa nini mlinzi alifungua lango, sehemu gani ilifutwa, mwisho ulikuwaje katika rasimu ya kwanza. Aliyeandika hujibu kwa furaha, tena kwa urefu. Kumtuhumu hadharani mtu asiye na hatia katika jumuiya ya watu 200 ni kumfukuza.

Nimeulizwa pia, katika barua ileile, wale wasioshinda waambiwe nini. Msiwatumie «jitahidi tena». Katika juma la matokeo, kila mwandishi apokee sentensi mbili kutoka kwa mtu aliyemsoma: moja inayotaja mstari au tukio lililobaki kichwani, na nyingine inayoonyesha mahali ambapo msomaji alipotea. Hizo sentensi mbili zihesabiwe tangu mwanzo katika saa za waamuzi, kwa makadirio ya dakika tano kwa kila hadithi. Kwa hadithi 60 ni saa tano, na kama saa hizo hazipo, punguzeni kikomo cha maneno hadi zipatikane.