Kufuli kubwa linabembea polepole, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nilimaliza fomu foo mwaka juzi, sasa hivi najisomea fizikia mwenyewe kwenye simu. Juzi nimefunga kufuli dogo kwenye uzi wa sentimita 20, likabembea mara kumi kwa sekunde 9.4, nikaweka kufuli kubwa uzi uleule likatumia 9.8, nikaposti kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba kitu kizito kinabembea polepole, wee, walivyonishukia! Eti fomula ya muda wa kubembea haina uzito ndani yake so nimepima vibaya. Lakini nimerudia mara tano, jibu lilelile.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujapima vibaya, na fomula nayo iko sawa. Shida ni kwamba urefu wa kwenye fomula sio urefu wa uzi, unaanzia pale uzi ulipofungwa juu mpaka katikati ya kufuli lenyewe. Chukua rula upime toka kwenye fundo la kufuli mpaka katikati yake. Mi nakadiria dogo ni kama sentimita 2 na kubwa kama 4, yaani ulikuwa na pendulamu (kitu kinachobembea kwenye uzi) ya sentimita 22 na nyingine ya 24, na namba zako zenyewe zinasema hivyo, maana muda unafuata kipeuo cha pili cha urefu: gawanya 9.8 kwa 9.4, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata karibu 1.09. Gawanya 24 kwa 22, karibu 1.09 tena! Nimefurahi sana kuiona hiyo.

Uzito unajifuta wenyewe. Kufuli kubwa linavutwa chini kwa nguvu zaidi, ila nalo ni gumu kusogea kwa kiasi hichohicho.

Hao wa grupu sijawapenda kwa hilo, tofauti iliyojirudia mara tano haitupwi hivihivi. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, karibu na ikweta, saa ya pendulamu iliyokuwa sawa Paris kule ikachelewa kama dakika 2 na nusu kwa siku, hakuidharau, na baadaye Newton akaitumia kuonyesha kwamba dunia imebonyea kwenye ncha zake.

Sasa fupisha uzi wa kufuli kubwa kwa zile sentimita zilizozidi, vuta pembeni kidogo tu kwa sababu ukivuta mbali muda unaongezeka, na hesabu mara 20 ili kuchelewa kwa kidole kusiharibu jibu. Ukiposti tena weka na picha ya rula.