Kuomba kwa mazoea, je, ni unafiki?

Ndugu yangu, unauliza kama kuomba kila asubuhi bila kusikia chochote moyoni ni unafiki. Hapana. Unafiki ni kuomba ili uonekane. Danieli alipiga magoti mara 3 kwa siku, na amri ya kukataza kumwomba yeyote ila mfalme ilipotoka, aliendelea vilevile kama alivyozoea (Danieli 6:10). Ujasiri ule haukuzaliwa siku ile. Hata Yesu aliingia katika sinagogi siku ya sabato kwa desturi yake (Luka 4:16).

Mimi kinachonitia wasiwasi ni hiyo simu unayosema unaishika kabla hata hujaamka vizuri. Nayo ni mazoea, nayo inakulea. Usiku iache chumba kingine. Asubuhi soma zaburi moja, fupi tu, kwa sauti. Ukikosa siku, usijaribu kulipa deni; kesho yake endelea.