Ozoni: juu rafiki, chini sumu?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Shuleni tulifundishwa ozoni ndo inatukinga na jua, sasa mdogo wangu yuko chuo Dar ananiambia ozoni ni sumu na miji mikubwa inahangaika nayo. Mi nna mtoto ana pumu, ikifika mwezi wa tisa mchana kifua kinambana mpaka naogopa. Vinahusiana au ananichanganya tu?
Mama wawili, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa mtoto. Mdogo wako hajakosea na mwalimu wako hakukosea. Gesi ni ileile, iliyoko juu kilomita 15 mpaka 35 inachuja mionzi ya jua, ila ikiwa huku chini tunapovuta pumzi inaunguza mapafu.

Hii ya chini haitoki kwenye bomba lolote, inapikwa na jua. Ukienda sheli kijana wa bodaboda akifungua tanki unaona hewa inacheza pale mdomoni, ule ni mvuke wa petroli, sasa huo pamoja na wa rangi na thina ukikutana na oksidi za naitrojeni za kwenye moshi wa injini, jua la mchana likiwaka ndo ozoni inazaliwa. Los Angeles iliwatesa watu tangu miaka ya 1940 mpaka mkemia Haagen-Smit akaonyesha kwamba chanzo ni magari na mafuta.

Kinachosumbua zaidi ni kwamba moshi mbichi wa magari unaila ozoni, kwa hiyo barabarani kwenyewe inaweza kuwa ndogo halafu upepo ukishapeleka ile hewa nje ya mji huko ndo inapanda. China baada ya 2013 walipunguza vumbi laini kwa kiasi kikubwa lakini ozoni ikaongezeka mijini, na 2020 watu walipofungiwa ndani kwa Korona miji mingi ozoni ilipanda wakati magari yamepungua. Yani ukipunguza vumbi au moshi wa magari ukaacha ile mivuke ya mafuta na rangi hujamaliza kazi.

Sasa nyumbani. Tabora hatuna magari ya kutisha, tuna moto. Kiangazi pori la miombo linachomwa kila upande, tanuri za mkaa, mabani ya kukaushia tumbaku, na ule moshi umebeba malighafi zilezile na jua letu mnalijua. Sitakwambia ni ozoni peke yake, moshi wenyewe na vumbi navyo vinambana, ila saa nane mpaka kumi mchana ndo ozoni inakuwa kali. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi maikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, wastani wa masaa 8.

Mtoto acheze asubuhi, mchana akae ndani kivulini. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, usiitegemee. Dawa yake ya kuvuta iwe kwenye begi la shule na mwalimu ajue ilipo, na mpeleke kwa daktari kabla mwezi wa tisa haujafika.