Goti lisipoitika: dozi ya magnesiamu na mama anayekataa sindano

SWALI: Mimi ni muuguzi mkunga katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Mama mwenye dalili kali za kuelekea kifafa cha mimba alifanyiwa upasuaji saa tano asubuhi kwa ganzi ya mgongoni, na akaandikiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 5 za sindano ya makalio kila baada ya saa nne. Dozi ya saa nne usiku ilipofika, alikuwa akipumua mara 17 kwa dakika, lakini goti halikuitika nilipoligonga, na mkojo wa saa nne ulikuwa mililita 70. Mwenyewe alisema hataki tena sindano, mama mkwe akasisitiza achomwe, na daktari akaniambia kwa simu niendelee. Sikumchoma. Mwenzangu ananishauri niandike kuwa mgonjwa amekataa, yaishe. Niandike nini?

JIBU: Usiandike hivyo. Hapa kuna mambo mawili, na ushauri wa mwenzako unayachanganya.

La kwanza ni usalama wa dozi. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, mama awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti liitike, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa nne. Sharti moja likikosekana, dozi inasubiri. Pumzi 17 zisikutulize, kwa kuwa magnesiamu inapozidi mwilini goti ndilo hunyamaza kwanza, na upumuaji huathirika baadaye. Tena dawa hii hutolewa na figo, kwa hiyo mkojo ukipungua dozi za nyuma hurundikana. Hata hivyo, hakikisha kwamba mpira wa mkojo haujajikunja, na kwa kuwa ganzi ya mgongoni nayo huweza kunyamazisha goti (ingawa saa kumi na moja baada ya upasuaji ingetarajiwa kuwa imekwisha), gonga pia kwenye kiwiko.

Agizo la simu halikuondolei wajibu huu, kwa sababu aliye kitandani kwa mgonjwa ni wewe. Mpigie daktari tena, umtajie takwimu zenyewe badala ya kusema tu kwamba una wasiwasi, na umwombe aje. Akishikilia msimamo wake, mjulishe kiongozi wa zamu. Kalisiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu iliyozidi, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe tayari pamoja na mfuko wa kumpulizia hewa, ili pumzi zikianza kufifia asaidiwe kupumua na dawa hiyo ipitishwe polepole kwenye mshipa. Usijaribu kuusukuma mkojo kwa kumjaza maji ya dripu, maana mapafu ya mama wa namna hii hujaa maji upesi.

La pili ni ridhaa. Mama mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeamua juu ya mwili wake. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, na mama mkwe, hata akiwa ndiye anayelipa bili, hana sauti katika hilo. Thibitisha tu kwamba anajitambua, kwani ugonjwa huu na dawa yenyewe vinaweza kumfanya asinzie au achanganyikiwe. Kisha muulize sababu. Mara nyingi ni maumivu, na malalamiko hayo ni ya haki: gramu 5 ni mililita 10 za dawa ya asilimia 50 ndani ya kalio moja. Mililita 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 huchanganywa humo kupunguza maumivu, na mahali penye uangalizi wa karibu daktari anaweza kuihamishia dawa kwenye mshipa. Goti na mkojo vikirudi na daktari akaruhusu dawa iendelee, mweleze kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha dawa hii hupunguza uwezekano wa degedege kwa zaidi ya nusu, na kwamba kwake inakwisha saa 24 baada ya kujifungua. Akikataa baada ya kuelewa, usimchome. Mjulishe daktari, na uendelee kumpima shinikizo la damu.

Ukiandika kwamba amekataa, zamu ya asubuhi itambembeleza akubali dozi inayoweza kumsimamisha pumzi. Andika hivi: "Saa 4:00 usiku. Pumzi 17, goti haliitiki, mkojo ml 70 kwa saa nne. Dozi imezuiwa kwa usalama, daktari amejulishwa kwa simu. Mgonjwa pia ameeleza kuwa hataki sindano, mazungumzo yataendelea." Ongeza matokeo ya kiwiko, jina la daktari na sahihi yako.