Dema au Lema

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukikwama kwenye chemshabongo ya gazeti, je, kufungua kamusi ni kudanganya?" Nilijibu papo hapo, kwa sauti, nikiwa peke yangu jikoni: ndiyo, ni kudanganya. Hilo lilikuwa jibu la marehemu baba yangu na nimeishi nalo miaka yote. Sasa nimeketi kuandika, naona kinachoniuma hasa ni lile jibu linalochapwa kesho yake, ambalo wasomaji tunalipokea kama hukumu ya kadhi.

Tulikaa Ngamiani, Tanga. Gazeti lilikuja na basi la Dar es Salaam, likatufikia mchana umekwisha. Baada ya sala ya alasiri baba alitoka barazani na penseli aliyoichonga kwa wembe, mimi nikakaa ubavuni pake nikimsomea madokezo: kwanza ya kwenda kulia, kisha ya kushuka chini. Kamusi ilikuwa mwiko. Alikuwa na elimu yake mwenyewe ya vile vyumba. Alinifundisha kuanzia mwisho wa neno, kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na kitenzi kikiwa cha Kibantu utaweka A bila wasiwasi. Cha Kiarabu, kama samehe au rudi, ungoje kwanza. C haikai bila H. Na ile ritifaa ya ng' haipewi chumba chake, kwa hiyo ng'oa na ngoa hujaza vyumba vinne vilevile, ingawa moja ni la kutoa jino na jingine ni wivu. "Soma dokezo, mwanangu, usisome vyumba."

Siku moja, nikiwa darasa la sita, dokezo lilisema: "Mtego wa samaki", herufi nne. Baba hakungoja hata nimalize. DEMA. Babu alikuwa mvuvi wa Tongoni, na madema ndiyo yaliyomlisha baba: fito zilizopasuliwa, zikasukwa kwa matundu ya pembe sita, zikazamishwa kwa mawe, samaki akaingia kwa mdomo mpana unaozidi kubana hadi ndani, na njia ya kurudi asiione. Baba aliweza kusuka dema. Aliliandika neno lile akikandamiza penseli mpaka karatasi ikaingia ndani kidogo.

Kesho yake jibu likatoka: LEMA.

Sijawahi kumwona vile. Alisoma, akalikunja gazeti, akalikunjua tena. Tukatazama neno linalokatiza. Hapakuwa na kitu. Chumba cha kwanza kilizungukwa na vyumba vyeusi juu na chini, hakuna neno la pili la kuamua kati ya D na L. Yaani aliyetunga alituachia herufi inayoelea, akajiwekea jibu mfukoni. Baba akaniita nilete karatasi ya barua. Wenzake wakawa wanafika mmoja mmoja, muuza kahawa akatua deli lake, na kila aliyekaa aliulizwa swali moja: huu mtego unaitwaje? Dema. Dema. Dema. Alizihesabu sauti kama kura.

Mwisho akaja jirani yetu wa Mombasa, mzee tuliyemwita Ami. Akanywa vikombe viwili kwanza. Ndipo akasema, kwa upole sana: "Bwana, kwetu twasema lema. Malema. Babangu alikuwa nayo."

Baraza lilinyamaza. Baba hakubisha. Alimuuliza linasukwaje huko kwao, na Ami akaeleza kwa vidole, na kazi ilikuwa ileile, fito kwa fito. Walikaa mpaka adhana ya magharibi wakilinganisha maneno ya bahari. Barua baba aliipeleka hata hivyo, lakini aliiandika upya. Hakusema tena kwamba gazeti limekosea; alisema majibu ni mawili na yote yachapwe. Hawakuichapa.

Ndiyo maana nasema swali lenu limesimama kando kidogo ya jambo. Mchezo huu kwa sura yake ya vyumba ni wa kigeni: Arthur Wynne aliutoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lakini sisi tulikuwa na vitendawili kabla ya hapo, na kitendawili kina adabu yake. Ukishindwa, unaombwa mji. Unatoa mji, ndipo unapewa jibu, na mtegaji yupo mbele yako, ukiona jibu lake halikai unamwambia. Gazeti linachukua mji na kuondoka.

Na kuhusu kamusi, nimeanza kulegea hapa hapa ninapoandika. Kamusi huifungui kwa maana, unaifungua kwa neno. Lazima neno uwe umeshalishuku ndipo uende kulitafuta. Aliyekaa na N, chumba kitupu, O na A, akapekua kurasa zote za N, huyo amefanya kazi, na njiani ameokota maneno mengine kumi. Kumwita mdanganyifu naona ni ukali. Simu ni habari nyingine. Unaiandikia dokezo lote nayo inakurushia jibu, ingawa siwezi kumnyima hilo mtu aliye mbali na wazee wa kuwauliza, kama mpwa wangu aliyeko Muscat.

Basi jibu langu, ambalo baba asingelitia sahihi: fungueni kamusi, bora baada ya kujaribu, na ifungueni tena kesho yake mbele ya jibu lililochapwa. Isipokuwa mnashindana kwa zawadi; hapo mbaki na kanuni mlizowekeana.

Na ninyi, Mhariri, chini ya majibu ya jana tuachieni mistari mitatu ya wasomaji kupinga. Wa Lamu aseme lake, wa Pemba lake, wa Kilwa lake. Mimi chumba kile bado naandika D.